Shati la Kazini

Nilirudi saa kumi na mbili, mwili mzima umevaa karanga.
Mashine ya kubangulia ya mzee Chidawali haina simile:
inatema maganda juu, upepo wa Kibaigwa unayarudisha chini,
na sisi tulio katikati tunakuwa rangi moja hadi kope.
Nyemo akatambaa mpaka kizingitini, akanyoosha mikono.
Nani angemwambia ngoja, baba akaoge?
Ndoo ya maji shilingi mia tano, na mtoto anacheka.

Nikambeba. Akasugua shavu begani pangu,
lile shavu lenye ukurutu, lililopasukapasuka
kama tope la bwawa la Hombolo mwezi wa kumi.
Merabu alikuwa akimpaka mafuta ya alizeti.
Tulisema itapita: ni meno, ni kiangazi, ni ngozi ya utoto.

Hakuwa amekula karanga hata moja.
Nataka hili lieleweke,
maana mama mkwe aliliuliza mara tatu
na majirani waliliuliza kwa macho.

Jumapili, baada ya ibada, ulipikwa mlenda wa karanga,
mlenda wa wageni, unaovutika hadi mwiko unagoma.
Bibi yake akachovya kidole, akamlambisha.
Kidole kimoja.
Midomo ikaumuka kama aliyetembelewa na nyuki,
vipele vikapanda tumboni, shingoni, nyuma ya masikio,
kisha ikaja filimbi nyembamba kifuani,
filimbi isiyopulizwa na mtu.

Yona wa bodaboda hakutaja nauli.
Barabara kuu, malori ya mahindi, honi,
na Merabu nyuma yangu anahesabu pumzi kwa sauti.
Akifika saba anaanza upya,
kana kwamba nane ni mbali mno.

Sindano ya paja. Kimya. Kimya.
Akalia.
Sijapata kukipenda kilio namna ile.

Muuguzi Tabu alituketisha kwenye benchi la mbao.
Hakuuliza tumegombana na nani, wala nani ana kijicho.
Aliuliza: Nyumbani kwenu karanga mnaziweka wapi?
Merabu akacheka, kicheko cha mtu aliyekesha.
Dada, uliza hatuziweki wapi.
Magunia mawili mvunguni, yanasubiri bei.
Mkeka tunaobangulia usiku ndio anaolalia mchana.
Maganda tunawashia jiko. Kinu kiko pale pale.
Khanga ninayombebea ndiyo ninayopepetea.
Kuhusu shati hakusema. Aliniachia mwenyewe.

Tabu akasema: mwili wa mtoto ni nyumba.
Anayepita mlangoni, yaani mdomoni, mara nyingi huzoeleka,
hupewa kigoda, huitwa mgeni.
Lakini ngozi iliyochanika ni dirisha bovu,
na vumbi likiingia dirishani, siku baada ya siku,
mwili unaweza kulishika sura kama mwizi.
Ndipo siku likija kwa heshima, mchana, kwenye sahani,
nyumba nzima inapiga yowe.
Si watoto wote, akasema. Si kila vumbi.
Nasi bado tunajifunza. Msitafute mtu wa kumlaumu.

Msitafute. Nikatazama bega langu la kulia.

Magunia tumeyauza kwa bei ya kutupa.
Kinu kimehamia kwa shemeji, mkeka tumeununua mwingine,
Mama mkwe siku hizi ananawa hadi kwenye viwiko,
na akimpakata mjukuu hukikunja kile kidole ndani ya ngumi.
Hakuna aliyemwambia akikunje.

Mimi bado niko kwenye mashine.
Ndiyo inayonunua mafuta ya ngozi, ndiyo inayonunua maziwa,
ndiyo itakayonunua, tukijaliwa, ile dawa ya sindano
inayopaswa kukaa nyumbani, na bei yake sijathubutu kuirudia.
Jioni napita nyuma, kando ya ua wa minyaa,
navua shati, nalitundika mbali, namwaga ndoo kichwani.
Nyemo ananisikia. Anatambaa mpaka mlango wa uani,
mikono juu, haelewi,
analia,
na maji bado yanatiririka masikioni mwangu, rangi ya karanga.