Sifuri

Daktari alisema mwaka huu apumzike,
basi shule ikahamia kwetu, Newala,
ikaanzia jikoni, kwenye ungo wa korosho.

"Kumi. Tatu zimevunjika. Nzima ngapi?"
"Sita."
Nusura nimsahihishe, nikaona shavu lake.

Juzi tuliteremka bondeni kuchimba ming'oko,
nikimbeba kila palipokuwa na mawe.
Shangazi Nalinga hajawahi kushika kalamu.
Alifuata kikamba kikavu cha mmea
hadi kilipozama ardhini, akachimba, akakata,
akaacha kichwa cha mzizi, akafukia.
"Mbona unakizika?"
"Sikiziki. Namwachia wa mwakani."

Zipo siku za mifupa kuuma. Hizo hatusomi.
Namkanda magoti, naye anahesabu pumzi,
zangu, si zake.

Sifuri ndiyo iliyotushinda. Wiki nzima:
ni kitu gani hicho, ambacho si kitu, na bado kinaandikwa?

Leo ghalani, kwenye foleni ya magunia,
Somoe akanivuta kanga.
"Mama, mzani hauna kitu juu yake
na mshale umekaa kwenye mbili."

Hakunong'ona.
Foleni nzima ikageuka. Karani akakohoa,
akatafuta bisibisi muda mrefu
kwenye mfuko ambamo hamkuwa na kitu kingine.

Usiku huu ameandika sifuri moja, ukurasa mzima,
kisha akaniuliza
zile kilo mbili za jana, na za juzi,
na za mama Chilumba,
zinaandikwa wapi.