Nyumba ya Mamoja Haina Lumbesa

Juni, Isyonje. Ukungu umeingia darasani
bila hodi, umekaa dawati la nyuma.
Chaki imelowa, vidole havinitii.
Nasema: andikeni mia tatu na arobaini na saba.
Darasa la pili linainama, sweta kwa sweta,
penseli zinaparura kama kuku.

Ambwene ananiletea daftari:
300407.
Kalamu yangu nyekundu imeshanusa kosa.
"Mwalimu, nimeandika ulivyosema.
Mia tatu. Na arobaini. Na saba."

Kalamu ikasimama hewani.

Miaka kumi na mmoja nafundisha hesabu hii
na sikuwahi kuisikia ile *na*,
jinsi ulimi unavyojumlisha
kabla mkono haujachora alama.
Mtoto ameikuta namba imekunjwa,
akaikunjua, akaianika kama shati kambani:
300 + 40 + 7.
Kilichomshinda ni kuikunja tena.

Tukatoka nje, kwenye rundo la viazi vya shule.
Kwa kijiti nikachora nyumba tatu mavumbini:
mamia, makumi, mamoja.
"Nyumba ya mamoja," nikasema, "haina lumbesa.
Kiazi cha kumi kikija hakipandi juu ya wenzake
kikashonewa kilemba cha nyasi na kamba.
Kumi hufungwa pamoja, huhamia kushoto."
Lugano akainua mkono:
"Basi baba angekosa kazi. Yeye ndiye mshonaji."

Viazi kumi, kopo la rangi.
Makopo kumi, gunia.
Tulihesabu mpaka pua zikakoma kuchuruzika,
tukakosea, tukamwaga, tukaanza upya,
hadi yakasimama magunia matatu,
makopo manne,
na viazi saba vilivyokosa kwenda,
vikitutazama kwa macho yao mengi.

Ambwene akazunguka, akaandika kwa kidole
mbele ya kila nyumba: 3, 4, 7.
Akachuchumaa kidogo.
"Kumbe zile sifuri ni jina la nyumba.
Ukishaingia ndani, huliiti tena."

Nikayaondoa makopo manne. Na sasa?
Gwantwa, mwenye haraka siku zote: 37.
"Magunia yangu matatu yamekuwa makopo?"
Kimya. Upepo wa Kitulo ukapita katikati yetu.
Ni yuleyule Ambwene aliyesema polepole:
"Weka sifuri. Amshikie mwenzake nafasi."

Sikujibu mara moja.
Dirishani, safu ya tatu, kuna pengo:
Tusekile, tangu Machi yuko Mufindi kwa shangazi,
kwenye chai, wanasema, wengine wanasema analea mtoto.
Mwalimu mkuu ameniagiza mara mbili
nifute jina, nisogeze watoto, dawati litumike.
Kila asubuhi naliita jina lile
na kila asubuhi naandika duara dogo.
Ukisogeza, mkuu, safu nzima inabadilika thamani.
Hilo sijamwambia bado.

Vile saba vya mamoja tukavichoma jivuni.
Tulikuwa watoto arobaini na mmoja, na mimi.
"Haya, gawanyeni," nikasema.
Wakanitazama kwa huruma:
"Mwalimu, hapo bado hatujafika."