Mkanda wa Presha

Baba alianguka Jumamosi, mchana kweupe, pale Isevya,
kiganja kimeng'ang'ania kifua, jasho limelowesha kola.
Alianguka kama wanavyoanguka wanaume:
kila mtu akajua ni moyo.
Hata muuza vocha alijua.
Pikipiki tatu ziligombania kumbeba.

Wewe, Mama, hukuanguka.
Ulichoka.
Ulichoka ukianika michembe juu ya bati,
ukachoka kabla hujainua ndoo.
Taya likauma, ukadhani ni jino.
Mgongo ukauma, ukadhani ni mgongo.
Zahanati wakakupa dawa ya kiungulia,
wakauliza umri, wakatabasamu:
ni mambo ya akina mama, yatapita.
Ukarudi Ng'ambo na mambo yako kwenye bahasha ya kaki.

Baba alikutangulia kwa miaka kumi.
Mvi zilikuwa bado za kuhesabika
alipoanza kudondosha vituo:
yeye, aliyepuliza filimbi njia ya Kigoma miaka ishirini na sita,
akitoka Mabama akaruka Usoke, akaibukia Urambo,
kisha akarudi nyuma kuitafuta Usoke
kama mtu aliyesahau mwavuli.
Tulicheka. Wewe hukucheka.

Ukamnunulia mashine kwa pesa ya asali ya msimu mzima.
Ukajifunza kufunga mkanda juu kidogo ya kiwiko,
ukaandika namba kwenye daftari langu la zamani la hesabu,
kila Jumanne, ukurasa kwa ukurasa, jina moja tu.
Miaka minane, mpaka tulipomzika.
Mkono wako haukuwahi kuingia kwenye mkanda ule.

Daktari aliinua picha ya kichwa chako kwenye mwanga wa dirisha.
Kwa mzee, alisema, ulijifunga mshipa mkubwa.
Ni sawa na njia kuu kufungwa hapa stesheni Tabora:
watu wanalala nje, wanapiga kelele, nchi nzima inasikia.
Kwa mama ni vijia,
vile vya kwenda vituo visivyo na paa wala kengele.
Kimoja kikakauka. Kingine kikakauka.
Hakuna aliyepiga simu.
Nikaona madoa meupe, machache huku, mengi kule,
kama unga uliokuwa ukivuja kwa mtu anayetembea.

Halafu akauliza, kama anauliza saa:
alipokuwa mjamzito, presha ilipanda?

Nililifungua sanduku usiku.
Kadi ya kliniki imelainika kama kitambaa.
Kwa penseli: mia na sabini juu ya mia na kumi.
Miguu imevimba. Kifafa cha mimba, mara moja.
Mtoto wa kike, kilo mbili na robo.
Mtoto huyo ni mimi.
Na chini, kwa wino: Hali nzuri. Ruhusa.
Ruhusa ya miaka thelathini na nane, Mama,
na hakuna aliyekuita tena.

Siku hizi unatia chumvi kwenye chai,
ufunguo tunaukuta ndani ya gunia la karanga,
na majina yetu unayapembua kama kunde,
unalitupa lililo zima.
Lakini Jumanne unaijua.
Jumanne unavuta kigoda, unanishika mkono wa kushoto.
"Mihayo, usiongee. Kikikaza usiongee."
Siongei.
Namba zinapanda, zinasita, zinatulia.
Unaziandika chini ya jina la Baba,
mwandiko ule ule, umeinama kidogo tu.
Ni namba zangu, na si nzuri.

Leo, kabla hujaukunja mkanda,
nimeuchukua nikakufunga wewe.
Ukautazama mkono wako muda mrefu,
kama mgeni aliyeingia bila kupiga hodi.
"Kumbe," ukasema, "na huu?"