Ghala la Upande wa Kulia

Miaka kumi na tisa nimesimama kwenye mizani,
ghala la korosho, Tandahimba.
Gunia linaning'inia, nasoma, naandika,
nakata uzito wa gunia tupu,
na mkulima ananitazama mkono kana kwamba ninamwibia.
Siku niliyopimwa mimi, Ligula, hospitali ya mkoa,
nilimtazama muuguzi vivyo hivyo.
Tisini na sita.
Nikamwambia, toa viatu.
Akasema, baba, viatu umeviacha mlangoni.

Kisha nikalala chali, tumbo likapakwa ute wa baridi,
Daktari Nandonde akatelezesha kifaa chini ya mbavu za kulia.
Kwenye kioo ini langu lilikuwa jeupe,
tui la kwanza, zito.
Nikaapa: uraka sijaonja, mabibo natafuna tu!
"Sijataja pombe," akasema. "Nataja mafuta.
Soda mbili za mchana, chai ya vijiko vinne,
ugali wa mlima, na kile kiti chako cha karani."

Akanieleza kwa lugha ya kazi yangu.
Ini ni ghala. Likijaa hadi kwenye kenchi,
insulini inafika na stakabadhi, inapiga hodi,
"Pokeeni sukari!"
na ndani hakuna anayeitika.
Kongosho inatuma tarishi mwingine, na mwingine,
foleni inafika barabarani,
sukari inalala nje, kwenye damu,
kama korosho iliyonyeshewa.
Na ghala lenyewe, kiziwi,
usiku kucha linatoa sukari zaidi
kana kwamba nyumba ina njaa.

Kumbe miaka yote nafanya kangomba na mwili wangu,
bakuli leo, deni msimu ujao.

Somoe, mke wangu, hakupenda.
Nikipunguza tonge aliona nampunguza yeye.
"Watasema mume wangu amekwisha."
Na walisema. Siku ya mnada Hamza Likapa
alinishika kiwiko, akaninong'oneza:
"Dawa zipo siku hizi, usione haya."
Nikacheka. Usiku sikupata usingizi.

Ming'oko ya kuchemsha, ya kujaa kiganja, si sinia.
Kisamvu kisichoogelea kwenye nazi.
Choroko. Chai kavu, chungu kama shubiri.
Na alfajiri nateremka bondeni kisimani,
napanda na ndoo,
kazi niliyowaachia mabinti zangu tangu wajue kutembea.
Wiki ya kwanza magoti yalinitukana kwa Kimakonde.

Miezi minne. Kilo nane.
Mkanda umesogea tundu moja tu,
kitambi kipo, kimekaa kama mgeni asiyejua kuaga.
Nilirudi Ligula nimenyong'onyea.
Daktari akatelezesha kifaa, akanyamaza,
akanigeuzia kioo nijionee:
tui la mwisho, jepesi, karibu maji.
"Mafuta ya ini hutangulia kutoka," akasema,
"kitambi hakijapata hata habari."
Na sukari ya alfajiri, iliyokuwa nane na pointi,
imeshuka hadi sita.
Siku hizi tarishi mmoja anatosha.
Anapiga hodi, ndani wanasema karibu.

Sijapona, aliniambia waziwazi.
Ghala lililofunguka hujazwa tena,
na msimu unakuja, fedha inakuja,
soda ya baridi inakuja nyuma ya fedha.

Jana mwanamke wa Mahuta alileta magunia matatu.
Nilipoanza kuandika akanitazama mkono.
Nikaweka kalamu chini,
nikamgeuzia mizani asome mwenyewe.
Alichukua muda.
Nilimsubiri.