Hatua Sita

Tunatoka saa tatu na nusu usiku,
Kisukuru ikishashusha vyuma vya maduka
na mama wa chipsi akishamwagia mkaa maji.
Mchana ni wa watu wenye mbwa watulivu.
Mimi nina Sumni,
mwenye baka la mviringo kipajini, kama sarafu iliyochakaa,
aliyegongwa na bodaboda mwaka juzi pale kona ya transfoma;
na tangu siku hiyo kila taa moja inayokuja mbio
ni ile ile.

Nimejifunza kusoma masikio
kabla ya meno.
Likisimama la kushoto, nina hatua sita.
Yakisimama yote mawili, nina tatu.
Manyoya ya mgongo yakiinuka, sina kitu:
ni kujitia kizuizi, miguu nimeitanua kama mgema,
na kuomba radhi gizani kwa mtu nisiyemwona uso,
"Samahani ndugu yangu, amefungwa, hafiki."
Hujibiwa kwa tusi. Siku nyingine kwa jiwe.
Wanaosema abwekaye haumi
hawajasimama upande ule wa kamba.

Mfukoni, maini.
Athmani wa buchani hunikatia vipande kama vifungo vya shati,
akauliza, "Huyo mbwa anakula kukushinda wewe?"
Sikumjibu. Ni kweli.
Pikipiki ikiwa bado ni mngurumo tu, haijawa taa,
naita: Sumni.
Anageuka. Ini.
Mngurumo, ini. Mngurumo, ini.
Namfundisha hesabu mpya,
kwamba kinachokuja kwa kishindo huja na kitu kitamu.
Mimi mwenyewe siiamini.

Na kamba ilijua. Hapo ndipo nilipopoteza miezi.
Vidole vyangu viliiona pikipiki kabla yake;
nikaza, akakaza,
nibane pumzi, na habari imeshafika shingoni kwake.
Kumbe ni mimi niliyekuwa nikimpigia simu ya hofu
kwa waya wa mita moja na nusu,
kisha namfokea kwa kupokea.

Ikaingia Ramadhani, ratiba ikavurugika.
Watu wanatoka tarawehe, kanzu nyeupe njia nzima,
na nani anataka pua ya mbwa kwenye kanzu yake?
Tukasogea hadi saa sita, mimi na usingizi wangu,
tukijibanza nyuma ya Fuso bovu kila akipita mtu,
kama wezi wasioiba.

Usiku wa kumi na tisa umeme ukakatika.
Tulipokunja kwenye uchochoro tukaikuta: pikipiki,
haina taa, haina mlio,
kijana anaisukuma, mafuta yamemwishia,
na Bi Mwanamvua nyuma yake kwa miguu, beseni kichwani,
akimlaumu taratibu, bila kuchoka.
Sikio la kushoto.
Nilihesabu sita, nikafungua vidole kimoja kimoja
kama mtu anayerudisha deni kwa sarafu ndogo.
Kamba ikalegea, ikachora tabasamu kati yetu.

"Anauma?" akauliza kijana, amesimama.
"Anaogopa."
"Hata mimi."
Bi Mwanamvua akakusanya baibui, akapitia ukutani,
akasema, "Basi kila mtu aogope kwake, nipite."

Sumni akaitazama ile pikipiki inayosukumwa kama mgonjwa.
Akaitazama sana.
Tairi likakwaruza changarawe, likapita.
Kisha akanigeukia, bila kuitwa,
akanitazama mfukoni.

Nilitaka kumsimulia mtu, lakini nani yuko macho saa hiyo.
Nikampa maini yote, ngumi nzima.

Kona ya transfoma,
kiroba cheupe kilichonaswa kwenye michongoma kikajitikisa,
na Sumni akakibwekea mpaka mbwa wa Kisukuru yote wakaitikia,
mpaka mlinzi wa ghorofa lisiloisha akammulika, akammulika na mimi.
Masikio yalinionya mapema, nilikuwa na hatua zote sita.
Nilizimaliza kwa kucheka.