Bure

Barua ya mwisho kutoka Poštolka ilikuwa fupi:
Tunafunga tarehe thelathini. Hamisheni vyenu.
Miaka kumi na tisa nimekaa pale bila kulipa kodi.
Mpangaji wa bure halalamiki,
lakini nililalamika, jikoni, kwa sauti,
na birika likanisikiliza.

Kazi yangu ni piano. Nazisikiliza, nazikaza nyuzi
katika shule na makanisa ya Olomouc,
na katika nyumba ambazo binti aliacha kucheza
mwaka ule ule alipopata mchumba.
Inahitaji sikio, ufunguo mmoja wa chuma,
na anwani ambayo watu hawaisahau.

Radim, mtoto wa kaka yangu, alisema: chukua ile kubwa,
shangazi, dunia yote imo humo.
Ndiyo sababu sikuitaka.
Nikaijaribu wiki moja. Nilimwandikia dada kuhusu goti langu
na kabla chai haijapoa
matangazo ya mafuta ya viungo yalikuwa yamesimama pembeni,
yakitabasamu, kama daktari aliyejificha kabatini.

Mzee Otakar wa ghorofa ya tatu anatumia Budka.
Barua zako hazisomwi na mtu, ananiapia,
hata wao wenyewe hawana ufunguo.
Hapo nilivutiwa; mimi ni mtu wa funguo.
Lakini ukisahau nenosiri, akaongeza, umezika kila kitu,
na mimi mwaka jana nilisahau miwani
ndani ya piano ya askofu.

Halafu kuna Holub.
Kurasa zake zina rangi ya supu ya njegere.
Kitufe cha kutumia barua kipo mahali mkono haukitarajii,
na picha kubwa haibebi, inazitema.
Ila barua ikiingia, hulia nota moja tu:
la, ile tunayoanzia kazi,
safi, mitetemo mia nne na arobaini.
Sijui ni nani pale aliyejali kiasi hicho.

Kwa ile kubwa nilikuwa nimeandika kveta.zborilova
ikanijibu kwa wino mwekundu: jina hili lina mwenyewe.
Ikanipendekezea kveta.zborilova1958.
Mwaka wangu wa kuzaliwa, umening'inizwa shingoni
kama ng'ombe wa mnada.
Lina mwenyewe! Na mimi je?

Nikamwandikia huyo mwenyewe, usiku,
kutoka nyumba inayobomolewa:
Wewe ni nani?

Siku tatu kimya. Ya nne:
Mimi ni daktari wa meno, Ostrava. Afadhali umeandika.
Watu hukosea anwani, wananiomba niwakazie piano.
Sikuzifuta. Ziko kumi na moja.
Mmoja ana fa inayokwama, anasema ni ya haraka.
Ni miaka minane sasa.

Nilicheka hadi goti likakumbuka kuuma.
(Yule wa fa nimemjibu. Piano ameshaiuza.)

Radim alikuwa ameniandalia jedwali:
nafasi, usalama, kasi, alama juu ya kumi.
Nikamwambia, bure ni neno lenye sura mbili,
kisicholipiwa, na kisichofaa kitu;
asiye na pesa akienda sokoni
kazi yake ni kutazama ni sura ipi iliyomgeukia.
Hilo hakuliandika kwenye jedwali.

Nipo Holub. Kveta.zborilova, bila namba.
Jana ililia saa mbili usiku, nikiosha sahani.
Sikukimbilia. Nilisimama na povu mikononi
nikisikiliza kama nota imeshuka, hata unywele.
Haikuwa imeshuka.

Ilikuwa Ostrava. Ana piano ya mama yake,
meno sita hayasemi, anauliza,
je, nayang'oa au nayaziba, na kwa kiasi gani.

Si bure, nikamjibu. Nauli ya treni,
na unitazamie jino la nyuma, kushoto,
hili linalogombana na maji baridi.