Ukurasa wa 203

Kazi yangu ni gundi na uzi.
Maktaba ya manispaa, Mbale, chumba cha nyuma;
vitabu huletwa kwangu kama wagonjwa wa Jumatatu:
huyu mgongo, huyu mchwa, huyu kanyeshewa.
Hiki kimeletwa na hati yake: kifutwe.
Jalada halipo. Jina la mwandishi limeliwa,
limebaki neno moja, la kike.

Bi Zamzam akasema, bila kuinua macho:
"Mwingereza wa zamani. Mambo ya jikoni.
Hata kwao hawamkumbuki."

Nilikifungua kupima mshono tu.

Ni habari za Doroti, dada wa kasisi.
Miaka thelathini anamtilia kaka yake chai,
vijiko viwili, anakoroga, anasogeza.
Hakuna anayeuawa. Hakuna anayeolewa.
Mvua inanyesha, watu wanajadili mapazia.
Nami niliyezoea hadithi zenye mapanga
nikajikuta nimesimama, gundi inanikaukia kidoleni,
maana ukurasa wa 203
Doroti anamimina chai
na hatii sukari.

Kasisi anakunywa.
Anageuza gazeti.
Hagundui.

Sura inaishia hapo. Mama yule alijua
uzi unakatwa wapi ili uume.

Pembeni, kwa penseli, mstari wa Kimasaba.
Mimi Mnubi, bibi yangu wa Bombo; nikamwita Wamimbi, mlinzi,
aliyeacha rungu mlangoni akasoma
kwa sauti ya kutangaza msiba:
"Wangu aligundua."

Akacheka. Kisha akaacha kucheka.

Tukatazama karatasi ya kuazimia.
Mara tatu tu, miaka yote hiyo,
na mara zote tatu mwandiko mmoja: A. Nambozo.
Muhuri wa mwisho, Agosti sabini na nne.

"Sabini na nne?" Wamimbi akakuna kidevu.
"Sukari ilikuwa dhahabu. Mama alilala kwenye foleni
akarudi na robo kilo, kaifunga kwenye leso.
Mji mzima ulikunywa chungu.
Huyo mume angegunduaje?"

Nje, Wanale ilikuwa imejifunika wingu hadi kiunoni.
Tukanyamaza, kila mtu na hesabu yake,
hadi hesabu zikakutana:

ilikuwepo.
Ndani ya mkebe, nyuma ya unga wa mtama.
Alikuwa nayo, na hakumtilia.

Ilikuwaje baada ya hapo, penseli haisemi.
Kitabu kilirudishwa siku mbili kabla ya tarehe yake,
safi, bila doa la chai.

Nimekishona upya kwa uzi wa buluu, ule wa kamusi.
Kwenye hati ya Bi Zamzam nimeandika: hakikuonekana.
Mungu anisamehe, na manispaa pia.

Jioni Wamimbi alikuja kuomba kukiazima.
Nikamkumbusha kwamba Kiingereza kinampiga chenga.
"Najua," akasema, akakitia ndani ya koti.
"Nitasoma pembeni tu."